Kabati la U2 na Karatasi za Bendi Yako

Hotuba kwa wanabendi wa Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia

Wanamuziki, maprodyuza, mameneja wa bendi, na nyinyi wazazi mliokuja kuona vijana wenu wanafanya nini na magitaa hayo: oyawore, mulembe, hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika, hasa mliotoka mbali alfajiri.

Tumeombwa tuzungumze kuhusu tuzo na heshima za bendi kongwe za roki. Tumeona tuchukue bendi moja tuifungulie kabati: U2 ya Dublin, Ireland. Ilianza 1976, pale mpiga ngoma Larry Mullen Jr. alipobandika tangazo kwenye ubao wa shule yao, Mount Temple, akitafuta wenzake wa kupiga nao. Akapatikana Bono wa kuimba, The Edge wa gitaa, Adam Clayton wa besi, na hadi leo wanne hao ndio bendi. Hakuna bendi nyingine yenye Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, nyingi kuliko wao. Wanazo 22.

Ukisikia 22 unaweza kudhani ni kipaji tu na bahati. Kipaji kipo, hatubishi. Lakini zipange hizo tuzo moja moja, mwaka kwa mwaka, uone: hakuna hata moja waliyopewa U2 kwa kuwa ni U2. Kila moja ilikwenda kwa kazi fulani, iliyotoka ndani ya muda fulani, ikaingizwa kwenye kitengo fulani, na majina ya wahusika yakiwa yameandikwa mahali. Hilo ndilo tulilokuja kusema leo, na tutalirudia mpaka mchoke.

Kabla ya Grammy kulikuwa na tuzo ndogo. Tarehe 17 Machi 1978, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, vijana hao walishinda shindano la vipaji mjini Limerick. Zawadi ilikuwa pauni 500 na muda wa studio wa kurekodi demo. Kwa bendi isiyo na rekodi hata moja, zawadi kubwa hapo ilikuwa ile ya pili. Mashindano yetu huku, yawe ya kaunti, ya redio au ya kampuni ya soda, hupenda ile hundi kubwa ya kadibodi ya kupigia picha. Kabla hujajaza fomu, soma mambo mawili. La kwanza, rekodi itakayofanywa siku hiyo itakuwa mali ya nani. La pili, mwandaaji anaruhusiwa kutumia wimbo wako kwenye matangazo yake kwa muda gani, na kwa malipo gani. Kifungu hicho huwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Unaweza kushinda elfu hamsini jioni moja na ukaacha wimbo wako palepale jukwaani.

Sasa Grammy zenyewe. Hutolewa na Recording Academy ya Marekani, ambayo ni chama cha watu wa kazi: waimbaji, wapigaji, watunzi, maprodyuza, mafundi wa sauti. Sherehe ya kwanza ilikuwa Mei 1959. Wanaopiga kura ni wanachama. Mashabiki hawana kura, wala hakuna kura ya SMS. Duru ya kwanza huteua wawaniaji, duru ya mwisho huchagua mshindi, na kura huhesabiwa na wakaguzi wa Deloitte. Mwanachama hapigi kila kitengo. Ana vitengo vikuu sita, kisha vitengo visivyozidi kumi ndani ya nyanja zisizozidi tatu. Kwa hiyo anayekuhukumu kwenye roki anatarajiwa kuwa mtu anayejua amplifaya inavyonguruma.

Albamu ya The Joshua Tree ndiyo iliyofungua njia: 1988 ilileta mbili, mojawapo Albamu ya Mwaka. Mwaka uliofuata zikaja mbili nyingine, na moja yake ilikuwa ya video, si ya sauti. Mwaka 1993 Achtung Baby ilipata ya roki lakini ikaikosa Albamu ya Mwaka, iliyokwenda kwa Eric Clapton. Usiku huohuo maprodyuza wao, Brian Eno na Daniel Lanois, wakachukua ya Prodyuza wa Mwaka, na hiyo haimo kwenye zile 22. Wanaofuatilia tuzo za bendi huipita kila mara, ilhali kwa prodyuza aliyekaa hapa mbele yetu hiyo ndiyo habari kubwa ya usiku ule. Mwaka 1994 Zooropa ikashinda kitengo cha muziki mbadala, alternative kama mnavyouita wenyewe. Bendi ileile, mwaka mmoja tu baadaye, imehamia kitengo kingine kwa sababu sauti ya albamu ilikuwa imehama. Mwaka 1995 wakapata moja ya video ya onyesho lao la Sydney. Baada ya hapo, kimya mpaka 2001.

Angalieni hapa, maana ndipo penye utamu. Albamu ya All That You Can't Leave Behind ilitoka mwisho wa Oktoba 2000. Dirisha la Grammy, yaani muda ambao kazi lazima iwe imetoka ili iwanie, miaka ile lilikuwa likifungwa mwisho wa Septemba. Albamu ilikuwa imechelewa, lakini wimbo wake wa kwanza, "Beautiful Day", ulitangulia kuachiliwa ukaingia kwenye hesabu ya mwaka ule. Februari 2001 ukachukua tatu: Rekodi ya Mwaka, Wimbo wa Mwaka na moja ya roki. Albamu yenyewe ikaangukia dirisha lililofuata, na 2002 ikaleta nne, ikiwemo Rekodi ya Mwaka tena, safari hii kwa "Walk On". Albamu moja, Rekodi ya Mwaka miaka miwili mfululizo, tuzo saba kwa jumla. Miaka minne baadaye mambo yakajirudia. "Vertigo" ulitangulia albamu ya How to Dismantle an Atomic Bomb, iliyotoka Novemba 2004. Wimbo ukapata tatu mwaka 2005. Albamu na nyimbo zake nyingine zikapata tano mwaka 2006, Albamu ya Mwaka ikiwemo. Hizo ni nane. Piga hesabu: tuzo 15 kati ya 22 zimetoka kwenye albamu mbili, kila moja ikiwa imelala juu ya mpaka wa madirisha mawili.

Hatusemi kwamba walikaa na kalenda wakapanga njama. Lebo kubwa zote hutanguliza wimbo kabla ya albamu, kwa ajili ya kuuza. Tunachosema ni kwamba tarehe ya kutoka ina uzito wake, na bendi zetu huichagua kwa kuangalia siku ya kuzaliwa ya mwimbaji. Dirisha nalo hubadilika. Kwa tuzo za Februari 2025, lilikuwa kuanzia 16 Septemba 2023 hadi 30 Agosti 2024. Wimbo uliotoka 31 Agosti 2024 ulisubiri mwaka mzima. Lazima kila mwaka usome kanuni za mwaka huo, usitegemee za mwaka jana ulizoambiwa na mtu.

Na "kutoka" maana yake nini? Kwa Grammy, rekodi iwe inapatikana kwa umma kote Marekani, iwe madukani au kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni. Ukiiweka kupitia msambazaji wa mtandaoni akaifikisha kwenye majukwaa hayo, imetoka. Wimbo unaozunguka kwenye WhatsApp na kwenye flashi za matatu za Kondele unaweza kupendwa na mji mzima, lakini kwa macho ya wapokea maombi bado haujazaliwa.

Ziko kanuni nyingine zinazowaumbua watu. Ili iitwe albamu, kazi iwe na nyimbo tofauti zisizopungua tano na dakika zisizopungua 15, au iwe na dakika 30 bila kujali idadi ya nyimbo. Zaidi ya asilimia 75 ya muda wake iwe rekodi mpya ambazo hazijawahi kutoka. Ukikusanya nyimbo zako za zamani ukaongeza mbili mpya, hapo huna kitu cha kuingiza. Kwenye Albamu ya Mwaka, msanii mgeni, mtunzi, prodyuza au fundi huhesabiwa mshindi ikiwa kazi yake imefika angalau asilimia 20 ya muda wa albamu. Kwa albamu ya dakika 50, hizo ni dakika 10. Aliyekuja kuimba kwenye wimbo mmoja wa dakika nne hafiki, hata kama ndio wimbo uliovuma. Mwambieni mapema, kabla hajaanza kuandika "mshindi wa Grammy" kwenye mabango. Na kazi iwe imetungwa na binadamu: wimbo ambao programu ya kompyuta imeutunga peke yake hauruhusiwi.

Kitengo nacho. Tangu 2024 kuna tuzo ya Utendaji Bora wa Muziki wa Afrika, na Tyla wa Afrika Kusini ndiye aliyeichukua ya kwanza, kwa "Water". Maelezo ya kitengo hicho yanataja hata Bongo Flava na Genge kwa majina. Ni ya wimbo mmoja mmoja, albamu haiingii. Sasa bendi ya roki ya Kisumu inayoimba Kidholuo au Kiluhya iende wapi, huko au kwenye roki? Jibu hutoka masikioni. Kamati za wataalamu husikiliza kila rekodi na kuihamisha zikiona imewekwa pasipo pake. Kama gitaa lako limetapakaa vumbi la grunge na ngoma zinapiga nne nne, lugha ya maneno haitaitoa kwenye roki. Kama besi na gitaa vinajibizana kibenga na roki ni rangi tu juu yake, ingiza kwenye cha Afrika. Kinachoua ni kuchagua kitengo kwa kudhani kuwa kina watu wachache.

Wanaoweza kuingiza rekodi ni wanachama wa Academy na kampuni za muziki zilizosajiliwa nayo. Kuna ada ya kuingiza. Naomba hapa tuelewane vizuri sana: kuingizwa si kuteuliwa. Rekodi nyingi mno huingizwa kila mwaka. Ukiona jina lako kwenye orodha ndefu ya kupigiwa kura ya duru ya kwanza, umefika getini tu. Anayetangaza redioni kuwa "ameteuliwa" wakati lebo yake imelipa ada ya kuingiza, siku wawaniaji halisi watakapotangazwa atakuwa na maelezo ya kutoa kwa mama yake.

Tumefika kwenye majina, na hapa tutakaa kidogo.

Grammy zina Rekodi ya Mwaka na Wimbo wa Mwaka, na watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Rekodi ya Mwaka ni ya ile sauti iliyorekodiwa: hupewa msanii, prodyuza, fundi wa kurekodi, wa kuchanganya na wa masta. Wimbo wa Mwaka ni wa utunzi, hupewa watunzi peke yao. Mtu anaweza kuimba wimbo, ukashinda Wimbo wa Mwaka, na yeye akarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hakuandika neno wala melodia. "Beautiful Day" ilichukua zote mbili. Ile ya Rekodi iliwafikia pia Eno, Lanois na mafundi. Ile ya Wimbo ikawafikia U2 wote wanne, kwa sababu nyimbo zao muziki huandikwa kuwa umetungwa na U2. Chukua hata The Joshua Tree uisome nyuma: maneno ni ya Bono, muziki ni wa U2. Mpiga ngoma na mpiga besi ni watunzi kwenye karatasi.

Kwenye bendi zetu je? Mwimbaji anakuja na kibwagizo kwenye simu. Mpiga gitaa anapata ule mlio unaofungua wimbo, ambao watu wakiusikia tu wanasimama. Mpiga besi anabadilisha korasi. Halafu siku ya kupakia wimbo, anayeshika kompyuta anaandika mtunzi mmoja, yeye mwenyewe, kwa sababu fomu imemuuliza na ana haraka. Hakuna aliyeiba kwa kukusudia. Ila miaka kumi baadaye, hela au heshima ikija, hiyo fomu ndiyo itakayoulizwa, na bendi huvunjika hapo.

Dawa yake ni karatasi moja ya mgao. Ijazwe siku wimbo unapokamilika, kabla hamjatoka studio. Juu kabisa andika jina la wimbo jinsi litakavyotokea, pamoja na tarehe. Chini yake, kwa kila mtu: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanii, alichofanya, asilimia yake, jumuiya aliyojisajili na namba yake ya IPI, ile ya kimataifa ya kumtambua mtunzi, kama anayo, kisha sahihi. Kuwe na sehemu mbili zilizotenganishwa, moja ya utunzi na moja ya rekodi, maana mgao wake si lazima ufanane. Prodyuza anaweza kuwa na asilimia kwenye rekodi na asiwe na chochote kwenye utunzi. Kila sehemu ijumlishwe ifike 100 kamili. Unacheka, lakini karatasi za 105 zipo, na jumuiya ikipata madai yanayozidi 100 hushikilia hela mpaka mkubaliane. Kosa jingine ni kuandika jina la utani pekee. "Jaduong' Besi" hajulikani na benki wala Academy. Na mpigaji wa kukodiwa aliyelipwa akaondoka, aandikwe hivyo hivyo kwamba amelipwa kwa kazi ile, kiasi gani, na atie sahihi. Risiti ya M-Pesa peke yake haisemi ililipia nini.

Ukitumia mdundo uliochukua mtandaoni, soma leseni. Leseni nyingi za bei rahisi huwaruhusu watu wengi kutumia mdundo uleule, na mfumo wa kutambua sauti wa YouTube utawagonganisha wewe na mtu wa São Paulo ambaye hamjawahi kuonana. Wa roki mna nafuu hapo, mnapiga wenyewe.

Karatasi ya pili ni ya namba za ISRC. Kila rekodi hupewa namba ya herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za aliyeitoa, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Kwa mfano KE-X1Z-25-00017. Namba ni ya rekodi, haifuati utunzi: toleo la redio lililokatwa lina namba yake, la jukwaani lina yake, rimiksi ina yake. Msambazaji wako kwa kawaida hukupa. Kosa linalotokea sana ni la kuhama. Bendi inaacha msambazaji mmoja, inapakia wimbo uleule kwa mwingine na kuomba namba mpya. Wimbo sasa una maisha mawili, usikilizwaji umegawanyika, na hakuna hata nusu moja inayofika kwenye kiwango chochote. Ukihama, beba namba ya zamani, na jina la wimbo liandikwe herufi kwa herufi kama mwanzo. "Dala" na "Dala (Official Audio)" kwa kompyuta ni vitu viwili.

Hapa nyumbani, sajili kazi kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni mtandaoni, na ujiunge na jumuiya ya kukusanya mirabaha. Kuna za watunzi, za maprodyuza na za wapigaji, kila mtu kwa haki yake. Kagua kwanza ni ipi iliyo na leseni ya KECOBO kwa mwaka huo, kwa sababu hilo limekuwa likibadilika na kesi haziishi. Jina la bendi nalo lisajiliwe KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, kama alama ya biashara, darasa la 9 kwa rekodi na la 41 kwa burudani. Hutangazwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na ukipata hudumu miaka 10, kisha unahuisha. Fanyeni hivyo mkiwa bado marafiki.

Tuzo za mauzo hazina mpigakura. Ni hesabu. Marekani hesabu hiyo ni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi za huko, iliyoanza kutoa dhahabu 1958, platinamu 1976 na almasi 1999. Dhahabu ni vizio, yaani nakala, 500,000, platinamu milioni moja, almasi milioni 10. The Joshua Tree ina almasi. Uingereza viwango viko chini kwa kuwa nchi ni ndogo: albamu hupata fedha kwa 60,000, dhahabu kwa 100,000, platinamu kwa 300,000. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina platinamu", muulize ya wapi.

Siku hizi usikilizwaji mtandaoni huingia kwenye hesabu. Kwa RIAA, mara 150 ni kizio kimoja cha wimbo, na mara 1,500 ni kizio kimoja cha albamu. Wimbo utakaotegemea mtandao peke yake kupata dhahabu unahitaji kusikilizwa mara milioni 75 nchini Marekani. Albamu ya platinamu kwa njia hiyo hiyo ni bilioni moja na nusu. Usikilizwaji wa Kondele, Dar na Kampala hauingii humo hata ukiwa mamilioni. Halafu sahani ya dhahabu au platinamu haiji yenyewe. Lebo huomba, hulipa, wakaguzi huhakiki vitabu, ndipo cheti hutoka. Ziko rekodi zilizovuka kiwango zamani na hazina cheti kwa kuwa hakuna aliyeomba.

Wala kusambaa si kupendwa na wapiga kura. Mwaka 2014 U2 walipeleka albamu ya Songs of Innocence bure kwenye akaunti za iTunes karibu milioni 500. Wengi walikasirika kuikuta kwenye simu zao bila kuulizwa. Iliteuliwa kuwania Albamu Bora ya Roki, ikashindwa na ya Beck. Hawajapata Grammy nyingine tangu 2006.

Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa roki, ni ya kungoja. Wa kwanza waliingizwa 1986, na jumba lake liko Cleveland, Ohio, tangu 1995. Msanii hustahiki kufikiriwa miaka 25 baada ya rekodi yake ya kwanza ya kuuzwa. U2 walitoa EP, santuri fupi ya nyimbo tatu, 1979, nakala za kwanza 1,000 zikiwa zimepigwa namba. Wakaingizwa 2005, mwaka wao wa kwanza wa kustahiki, na aliyewakaribisha ukumbini ni Bruce Springsteen. Maana yake kisanturi kile kidogo cha vijana wa Dublin ndicho kilichoanzisha saa. Bendi za benga za kanda hii zilitoa santuri za 45 kwa wingi. Mwenye nazo nyumbani, asikune lebo ya katikati: namba iliyo pale, jina la kampuni na mwaka ukiwepo ndio ushahidi pekee wa lini bendi ilianza. Piga picha pande zote mbili leo, mwanga ukitoka ubavuni ili maandishi yaliyofifia yaonekane.

Msije mkadhani kuwa kukosa Grammy ni kukosa heshima. The Rolling Stones walianza 1962, na Grammy yao ya kwanza ya kushindania waliipata 1995. Kabla ya hapo walikuwa wamepewa ile ya mchango wa maisha, 1986. Mwaka 2025 wakachukua tena Albamu Bora ya Roki wakiwa wazee wenye vitukuu. Queen, ambao mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja 1946, mtoto wa pwani yetu hii hii, hawakuwahi kushinda Grammy ya kushindania hata moja. Academy iliwapa ya mchango wa maisha 2018. "Bohemian Rhapsody" ilipata almasi ya RIAA 2021. Wapiga kura walipita, hesabu haikupita.

Heshima za serikali na miji zina utaratibu wao. Mwaka 2000 Dublin iliwapa U2 na meneja wao Paul McGuinness uhuru wa mji. Haki mojawapo ya kale inayoambatana nayo ni kulisha kondoo kwenye viwanja vya umma, na Bono na The Edge wakapeleka wana-kondoo bustani ya St Stephen's Green, wapigwe picha. Hapa kwetu mbuzi wa Nyalenda hawajawahi kungoja karatasi ya mtu. Mwaka 2005 Amnesty International iliwapa tuzo ya Balozi wa Dhamiri, kwa kazi ya haki za binadamu, na Desemba 2022 Kennedy Center ya Washington ikawaenzi wanne wote. Lakini nishani ya Uingereza ya 2007 ilikwenda kwa Bono peke yake, na kwa kuwa si raia wa nchi hiyo, haitwi Sir. Tena tunarudi palepale: jina la nani?

Kenya tuna Sheria ya Heshima za Kitaifa ya 2013. Ndiyo inayotoa nishani za EBS, MBS, OGW, HSC na nyinginezo, na mwananchi wa kawaida anaweza kupendekeza mtu. Hupendekezwi kwa kuwa maarufu. Fomu inataka jina kamili, kazi, na maelezo ya mchango wenyewe: umefanya nini, wapi, tangu lini, kwa faida ya nani. Mzee aliyefundisha gitaa vijana wa Manyatta miaka thelathini ana hoja nzito kuliko nyota wa mwaka mmoja, ila mtu lazima akae chini aiandike, aambatishe barua za waliofundishwa, picha zenye tarehe, mabango ya maonyesho. Mji pia una njia zake za kumtunza msanii. Suzanna Owiyo alipotoa "Kisumu 100" kwa karne ya mji huu, 2001, hakuna kikombe kilichohitajika ili watu wa ziwani wajue ni wimbo wao.

Karatasi za mgao ziko mezani pale mlangoni, nakala mbili kwa kila bendi. Moja ni ya kufanyia mazoezi: ijazeni sasa hivi kwa wimbo wenu wa mwisho, kwa kalamu ya wino, kabla ya chakula. Mkikwama kwenye asilimia, msifiche, leteni hapa mbele tuzozane pamoja. Maswali ya ISRC yaende meza ya kushoto. Aliyekuja na santuri za baba yake azipeleke kwa mpiga picha, kwa zamu, na azishike kwa kingo.